Injini ya guka haikuwa imekufa, ni Nairobi iko juu

Wasee, leo ni historia. Najua wengi wenu mliiacha mkifika kidato cha tatu mkashukuru Mungu, lakini hii ni historia ambayo nusura inipokonye gari, kwa hivyo tulieni.

Guka alituachia Peugeot 504 ya 1981, steshen wagoni, ile ndefu ya viti vya nyuma. Kama mzazi wako aliwahi kusafiri kwenda ushago miaka ya themanini, kuna uwezekano mkubwa alifinywa ndani ya moja ya hizo, mtoto kwa mapaja na kuku kwa miguu. Hizi gari zilikuwa zikiunganishwa hapahapa Kenya. Zilishinda Safari Rally 1975 na Ove Andersson, zikarudi 1978 zikashinda tena na Jean-Pierre Nicolas. Ya guka haikushinda kitu, lakini ilisomesha watoto sita kwa kubeba abiria kati ya Nyeri na Nairobi. Guka alipotuacha miaka miwili iliyopita, gari ikabaki imesimama kwa ploti, na mathe akaanza kusema inamziba mahali pa kuanika nguo.

Nikaita fundi. Alikuja na kijana wake na kifaa ambacho sikuwa nimewahi kukiona: geji ya duara kama saa ya ukutani iliyopungua mwili, na mpira mmoja mwembamba ukitoka chini. Akawasha gari, akachomoa kipaipu kidogo kwa manifoldi, pale hewa na petroli hupita zikitoka kwa kabureta kuingia silinda, akachomeka mpira wake hapo. Mshale ukapanda ukasimama kwa 10. Kwa uso wa hiyo geji, kati ya 17 na 21 kumepakwa kijani. Chini ya hapo ni maandishi ya kutisha tu: vali, ringi, taimingi.

Fundi hakuongea mengi. "Hii imeisha pumzi. Ringi zimekwenda." Ovaholi 140,000, ama tupigie mtu wa vyuma kuukuu aje na mizani. Mathe akauliza mtu wa vyuma hutoa ngapi. Hapo nikajua nimebaki na siku chache.

Sasa, mimi niliacha chuo mwaka wa pili. Uhandisi wa mitambo, karo ikakataa, stori mnaijua. Lakini miaka miwili inatosha kumfanya mtu awe msumbufu. Niliambiwa injini ni mgonjwa kwa sababu ya namba, na nikataka kujua hiyo namba inatoka wapi. Nikaenda Grogan, nikapata geji ya mtumba kwa 1,200, nikarudi nikaipima AE100 ya jirani. Hiyo Toyota huenda Kisumu na kurudi kila mwezi bila kukohoa. Mshale ukasimama 13.

13! Kijani inaanzia 17. Kwa hivyo aidha kila gari kwa mtaa wetu iko hoi hospitalini, au geji inadanganya. Nikapima ya tatu, Probox ya mwenye duka. 13 na kidogo.

Hapo ndipo nilianza kusoma, na nikajipata karne ya kumi na saba.

Kuna watu wa visima wa Italia walikuwa na shida moja ya ajabu. Pampu zao za kuvuta maji zilikuwa zinafanya kazi vizuri mpaka kama mita 10, halafu basi. Ongeza nguvu, badilisha pampu, maji yanakataa kupanda. Wasomi wakati huo walisema maumbile yanachukia utupu, ndiyo maana maji hukimbia kuujaza. Sawa, lakini mbona chuki inaishia mita 10? Evangelista Torricelli, kijana aliyekuwa karibu na Galileo siku zake za mwisho, ndiye aliyegeuza swali. Mwaka 1644 aliandika kwamba sisi tunaishi chini ya bahari ya hewa, na hiyo hewa ina uzito. Pampu haivuti chochote. Inaondoa hewa upande mmoja, na uzito wa hewa ya nje ndio unaosukuma maji juu. Akathibitisha na zebaki, ambayo ni nzito kuliko maji mara 13 na zaidi: jaza bomba la kioo, ligeuze ndani ya bakuli la zebaki, na zebaki inashuka mpaka kama sentimita 76 halafu inasimama. Hiyo ndiyo inchi 30 iliyoandikwa mwisho wa geji yangu ya Grogan. Namba ya mtu wa Florence, miaka karibu 400, kwa mtumba wa 1,200.

Hii mambo ya kutovuta ni ya maana, kwa sababu injini ni hivyo hivyo. Tunasema injini "inavuta" hewa. Haivuti. Pistoni ikishuka inaacha nafasi, na hewa ya nje inajisukuma yenyewe kuingia. Kati ya hewa ya nje na silinda kuna kilango kidogo ndani ya kabureta, kile unachokifungua ukikanyaga mafuta. Usipokanyaga, kilango kimefungwa karibu chote, pistoni zinaendelea kuomba hewa, haiji ya kutosha, na nyuma ya kilango kunakuwa na ombwe, ile mafundi wetu huita vakyumu. Geji inapima tofauti kati ya nje na ndani. Shikilieni hilo neno, tofauti.

Sasa mtu wangu. Blaise Pascal alisikia habari za Torricelli akawaza: kama hewa ni bahari, basi ukipanda mlima umetoka kilindini kidogo, na zebaki inafaa ishuke. Shida ni kwamba Pascal alikuwa mgonjwa-mgonjwa na alikaa mbali na milima. Lakini alikuwa na shemeji. Florin Périer, mume wa dada yake, aliishi Clermont, na juu ya Clermont kuna mlima unaitwa Puy de Dôme. Pascal akamwandikia barua mwishoni mwa 1647. Shemeji alichukua karibu mwaka mzima kujibu kwa vitendo, na hapo namwelewa kabisa.

Tarehe 19 Septemba 1648, Périer alikusanya watu wa heshima wa mji, makasisi na raia, asubuhi, kwa bustani ya watawa. Akajaza mabomba mawili ya zebaki. Yote mawili yakasimama sawa, inchi 26 na kidogo kwa inchi za Kifaransa za wakati huo. Halafu akafanya kitu ambacho kwangu mimi ndicho kimebeba hadithi yote: bomba moja akaliacha pale pale chini, na mtawa mmoja wa kulichunga siku nzima, aone kama litasonga. La pili akapanda nalo. Juu kabisa, zebaki ikasimama inchi 23. Imeshuka inchi 3. Hawakuamini. Wakarudia mara tano, ndani ya kanisa dogo lililokuwa huko juu, nje yake, kwa upepo, kwa mvua. Inchi 23 kila mara. Wakashuka, wakamkuta mtawa wao: bomba lake halikuwa limesonga hata kidogo.

Huyo mtawa mimi nampenda kuliko Pascal. Hakupanda, hakuona mandhari, alikaa tu akiangalia kioo. Bila yeye msee yeyote angesema hali ya hewa ilibadilika.

Sasa sikieni hii. Kilele cha Puy de Dôme kiko mita 1,465 juu ya bahari. Mtaa wetu, huku Eastlands tambarare kabisa ambako hakuna mtu amewahi kujiita mpanda mlima, uko juu ya mita 1,600.  Yaani wale mabwana wa Clermont walipanda wakihema siku nzima kufika mahali ambapo bado ni chini kuliko kituo chetu cha matatu.

(Nitapita haraka hapa. Kulikuwa na Otto von Guericke, meya wa Magdeburg, aliyetengeneza pampu ya hewa, akaunganisha mabakuli mawili ya shaba, akatoa hewa ndani, na akaweka farasi 8 kila upande wavute. Hawakuweza kuyaachanisha kirahisi. Video hiyo ingepata watazamaji milioni. Ila, na hii inanichekesha, farasi wa upande mmoja walikuwa wa maonyesho tu. Ungefunga upande huo kwa mti, nguvu ingekuwa ile ile. Meya alijua kutengeneza kontenti.)

Zebaki ni nzuri lakini huwezi kuitembeza na gari la moshi, itamwagika. Kilichotatua hilo ni bomba lililokunjwa. Mwaka 1849 Mfaransa Eugène Bourdon alisajili wazo rahisi mpaka linakasirisha: chukua bomba jembamba la shaba, lifanye bapa, likunje kama herufi C, ziba ncha moja. Ukiingiza shinikizo linajaribu kunyooka, ukitoa hewa linajikunja zaidi. Funga mshale kwa hiyo ncha. Nilifungua geji yangu kwa bisibisi ya simu kuhakikisha, na ndani ni hiyo C tu, na meno mawili matatu ya kuzungusha mshale. Lakini angalia walichofanya: kifaa hakina tone la zebaki, na bado kikaandikwa inchi za zebaki. Na sifuri yake ni hewa ya mahali ulipo. Haijui uko wapi. Ikiwa mezani Mombasa ni 0, ikiwa mezani Limuru ni 0.

Magari yalipokuja, ombwe la injini likawa nguvu ya bure na watengenezaji wakalitumia kama vile sisi hutumia stima ya jirani. Liliwahi kuvuta petroli kutoka tangi. Liliendesha waipa, na hizo waipa zilikuwa na tabia chafu: ukipanda mlima kwa mvua, umekanyaga mafuta mpaka chini, kilango kimefunguka chote, ombwe linapotea, waipa zinasimama. Yaani pale unapohitaji kuona zaidi. Lilisogeza taimingi ya moto ndani ya distribyuta. Na linasaidia breki hadi leo, kupitia lile sufuria kubwa jeusi nyuma ya injini. Hilo sufuria mtalisikia tena.

Na kwa sababu kila kitu kinachoharibika kwenye injini hugusa pumzi yake, mafundi wakagundua geji hii ni kama ile ya daktari ya kusikiliza kifua. Mshale ukitulia juu, afya. Ukidunda kila baada ya muda ule ule, vali moja haifungi. Ukishikilia mwendo wa juu na mshale unashuka polepole, sailensa imeziba. Kanyaga mafuta ghafla na uachilie: mshale unafaa kuanguka karibu na 0, halafu uruke juu kupita pale ulipokuwa. Usiporuka vizuri, ringi. Kwa gari la zamani lisilo na kompyuta hicho ni kipimo cha heshima, na hakihitaji kufungua hata nati moja ya injini. Mafuta yalipopanda bei 1973, watu wa ng'ambo walianza kuifunga kwa dashibodi ili kujifunza kukanyaga kwa adabu, kwa sababu ombwe likiwa juu, unakunywa kidogo.

Hata Toyota ya jirani inayo, ila imejificha. Mwaka 1967 Bosch walileta mfumo wa sindano za petroli kwa Volkswagen, D-Jetronic, na hiyo D ni ya Druck, shinikizo kwa Kijerumani. Sensa yake ilipima hewa ndani ya manifoldi na kuambia sindano zimwage petroli kiasi gani. AE100 ina mjukuu wa hiyo sensa. Tofauti kubwa ni hii: sensa inapima shinikizo lenyewe lililo ndani, hailinganishi na nje. Ndiyo maana Toyota ikitoka Mombasa kuja Nairobi inajirekebisha kimya kimya, na 504 ya kabureta inakuja ikinywa petroli nyingi kuliko hewa, ikinuka, mpaka mtu amwangalie kabureta.

Turudi kwa hesabu. Baharini hewa ya nje ni karibu inchi 30. Injini nzima, imewashwa tu bila kukanyagwa, inabaki na kama 11 na nusu ndani ya manifoldi, kwa sababu kujizungusha tu inahitaji hewa kiasi kile kile popote ilipo. 30 toa 11 na nusu ni 18 na nusu. Kijani. Sasa panda mtaani kwetu, hewa ya nje ni karibu 24 na nusu. Injini ni ile ile, ndani ni ile ile 11 na nusu. Toa. Unapata 13.

Toyota ya jirani ilikuwa mzima kabisa. Hata ile kanuni ya ringi inaharibika: vitabu husema ukiachilia mafuta mshale uruke mpaka 25. Hapa kwetu hiyo 25 haiwezekani. Hewa yote ya nje haifiki 25. Huwezi kutoa ndani ya chupa zaidi ya kilichokuwa nje, hata ulete pampu ya maabara. Kwa hiyo kipimo, kila ringi Nairobi imekufa tangu ilipotengenezwa.

Lakini hesabu kwa karatasi ni hesabu kwa karatasi, na mathe alikuwa ashaongea na mtu wa vyuma. Nilihitaji mtawa. Binamu yangu anaishi Changamwe na ana AE100 pia, injini ya aina ile ile. Nikafunga geji kwa soksi, nikaituma na basi la usiku. Asubuhi ananipigia video. Gari limewashwa, mshale umesimama 18 na nusu, nyuma anasikika mkewe akiuliza ni nini hicho kimetoka kwa gari. Karibu nilie, bana. Geji ile ile, inchi 5 na nusu juu zaidi, na kitu pekee kilichobadilika ni bahari.

Ila msikimbie. Ya guka ilisoma 10, si 13. Inchi 3 bado zilikuwa zimepotea, na hizo hazikuwa kosa la mlima. Hapo fundi alikuwa sahihi kwamba kuna ugonjwa, alikosea tu ukubwa wake. Geji iliporudi nilianza kutafuta. Nilichukua koleo nikabana mipira ya ombwe mmoja mmoja injini ikinguruma. Wa distribyuta, hakuna kitu. Nikabana ule mnene unaoenda kwa sufuria la breki, mshale ukaruka. Nikauachilia, ukashuka. Mpira ulikuwa umepasuka upande wa chini, mahali huwezi kuona bila kioo. Nikakumbuka guka miaka yake ya mwisho alikuwa analalamika breki ni ngumu, na sisi wote tukasema ni miguu yake imezeeka.

Hiyo ndiyo inaniuma hadi saa hii, kuliko 140,000.

Mpira mpya, 350. Mshale ukapanda ukasimama 12 na nusu, umetulia, hautetemeki.

Simlaumu fundi kivile. Hakuandika ile geji. Aliyeipaka kijani alikuwa mahali tambarare karibu na bahari, na vitabu vya Uingereza na Marekani vilivyofundisha mafundi wetu huwa vinataja mwinuko kwa mstari mmoja mdogo, toa inchi 1 kila futi 1,000, pale hakuna mtu anasoma. Kwa msee wa London huo mstari ni tanbihi. Kwa sisi ulifaa uwe ukurasa wa kwanza. Nusu ya hii nchi inaendesha magari juu ya Puy de Dôme kila siku: Nakuru, Nyeri, Eldoret. Timboroa ni zaidi ya mita 2,700. Sasa jiulizeni ni injini ngapi huko zimefunguliwa miaka hii yote kwa sababu mshale haukufika kwa kijani. Wazee wa zamani naamini walijua, kwa uzoefu tu, kwamba hapa 13 ni sawa. Lakini uzoefu huo haukuandikwa, na akistaafu anaenda nao.

Mimi nimebandika karatasi juu ya uso wa geji yangu, na kijani yangu mwenyewe ya kalamu, kati ya 12 na 15. Nilimwonyesha fundi. Akaiangalia, akasema gundi itaachia na joto, akarudi kwa kazi yake. Wiki iliyofuata kijana wake alikuja peke yake kuuliza kama naweza kumchorea moja.

Mtu wa vyuma alikuja Jumamosi kama alivyoahidi. Mathe akamwambia arudi mwezi ujao, kwa hivyo sijui, kesi bado iko kortini. Jumapili nikampeleka kwa shangazi Limuru na hiyo 504, geji nimeipitisha kwa dirisha, yeye ameishikilia kwa mapaja kama keki. Kufika, tukasimama kwa lango injini ikiwa imewashwa. Mshale 11. Akaigonga kioo kwa kidole.

"Hii imeharibika tena?"

"Hapana, mathe. Tumepanda tu."